Valvu za Kilambo

Mume wangu aliponiambia anakwenda Kilambo kutafuta valvu, nilimtazama viatu. Alikuwa amevaa vile vyeusi vya Idi. Mtu anayekwenda ukingoni mwa Ruvuma kununua vichupa vya redio kuukuu, kwenye matope yale, huvaa kandambili. Nilimfungia mihogo ya kuchemsha, nikamwambia Mungu amtangulie, akatoka bila kuitikia.

Kule kutoitikia kulinikera kuliko viatu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Tulikaa Mtwara mjini, upande wa kwenda Naliendele, nyumba ya vyumba viwili na baraza. Mume wangu alikuwa mwendesha winchi bandarini. Mimi nilitolewa Nanyamba, kwenye korosho za baba yangu, nikaletwa mjini nikiwa mwari, na huko mjini nikakuta kitu ambacho hakuna shangazi wala kungwi aliyenionya juu yake: amplifaya.

Aliiunda mwenyewe, maana ujanani aliwahi kujifunza kwa fundi redio. Ilikuwa ni sinia la bati lililopinduliwa, juu yake zimesimama valvu mbili, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani ambavyo vikipata umeme huwaka vyekundu kwa ndani. Moja ilikuwa ya sikio la kushoto, moja ya kulia. Upande mmoja wa sinia aliunganisha redio kaseti, na upande wa pili hedifoni kubwa nyeusi alizozipata ofisi moja ilipokuwa ikiuza vitu vyake chakavu. Spika hakuna. Anayesikia ni yeye peke yake. Sasa niambie, ni mwanamume gani huyo anayejiundia redio ya kusikia peke yake katika nyumba yenye mke?

Kuihudumia alikuwa akiihudumia, nisimsingizie. Miguu ya valvu aliisugua kwa msasa mpaka ing'ae. Kila valvu aliivisha pete ya mpira aliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli, eti isitetemeke na kuleta mlio, na zikipata moto nyumba nzima ilinuka mpira. Hedifoni alizishonea mito mipya kwa kipande cha shela langu la zamani, na kwenye kikombe cha kushoto akadondosha tone la rangi nyekundu ya kucha, asije akakosea upande. Rangi ilikuwa yangu. Hakuniomba.

Siku za mwanzo alipenda kunifundisha. Aliniambia valvu ikiwa na kilemba cha fedha pale juu ni nzima, kilemba kikigeuka cheupe imeingia hewa, itupe. Na alinifundisha kanuni moja aliyoipenda kama aya. Upande mmoja ukizorota, alisema, usikimbilie kununua. Hamisha. Ya kushoto iweke kulia, ya kulia iweke kushoto. Ugonjwa ukihama pamoja na valvu, valvu ndiyo mgonjwa. Ukibaki palepale, tafuta kingine, nacho ukihamishe. Utahamisha hivyohivyo mpaka umkamate mwizi.

Basi upande wa kushoto ukaanza kuzorota. Alihamisha valvu, akasikiliza, akatikisa kichwa. Ugonjwa ulikuwa palepale. Akabadilisha soketi. Akabadilisha waya. Akalaumu umeme wa mji wetu, ambao kweli ulikuwa wa kulaumiwa, maana ukija ulikuja kwa vishindo na ukiondoka hauagi. Mwisho akarudi kwenye valvu, akasema zote mbili zimechoka, na zilizo nzima ziko ng'ambo, kwenye redio zilizoachwa na Wareno majumbani mwao. Watu wa Msumbiji huzivusha mto na kuziuza Kilambo.

Hivyo ndivyo Kilambo ilivyoingia nyumbani kwangu. Alikwenda mara ya kwanza, akarudi na valvu mbili. Akazichomeka, akasikiliza, akasema kushoto bado. Mwezi uliofuata akaenda tena, na uliofuata, hata nikawa najua safari imekaribia kwa kuona viatu vya Idi vimepakwa rangi. Kila valvu aliyoileta ilikuwa ndiyo yenyewe, na kila ikichomekwa ilikuwa siyo.

Mimi si mtu wa kulishwa matango pori. Nilianza kuangalia. Valvu zilikuja zimefungwa katika kipande cha kitenge cha ng'ambo, cha maua ya njano. Kitenge ni cha mwanamke, na hakijichani chenyewe. Nilikinusa. Kilinuka mafuta ya karafuu. Nikamwinamia kola ya shati lake: karafuu. Nikanusa mto wake wa kulalia, na mto nao ulinuka karafuu. Kwetu pwani mwanamke hujipaka karafuu anapojua anatarajia mgeni wa aina gani, na mimi nilikuwa sijajipaka tangu uzazi wa mwisho. Nilikiosha kile kitambaa kwa hasira, nikakianika mbele kabisa, pale atakapopita. Alipita. Hakushtuka hata kidogo, jambo lililonionyesha jinsi alivyokuwa mzoefu.

Na alikuwa amebadilika. Nikimsemesha, mara anajibu, mara hajibu. Nikimwita akiwa mlangoni, anaendelea na njia yake. Tukikaa barazani na watoto tukicheka, anatutazama midomo kama mtu anayehesabu jino la nani limetoka, kisha anasema, "Siku hizi humu ndani mmejifunza kunong'ona. Mnanisema nini?"

Nani alikuwa ananong'ona? Mimi sauti yangu inasikika mpaka kisimani. Nikajua anaanza yeye ili nisianze mimi. Mwenye kosa ndiye hupiga kelele kwanza.

Shangazi yangu alikuja kutoka Nanyamba korosho zilipokwisha kuokotwa. Ndiye aliyeniozesha, kwa hiyo nilimweleza yote, kuanzia viatu mpaka karafuu. Alikisikiliza kisa mpaka mwisho, akatema mate pembeni.

"Nnungu wangu! Ntu haendi Kilambo kila mwezi kufuata chupa, mwanangu. Chupa inajipaka karafuu?"

"Anasema ni valvu, shangazi."

"Na iwe valvu. Muulize. Usikae unavimba kama unga wa maandazi. Muulize uso kwa uso, una nke huko au huna?"

"Na akinyamaza?"

"Akinyamaza ndiyo jibu. Wewe ulipoulizwa kama unamtaka huyu, ulisema neno? Si ulinyamaza, nasi tukapiga vigelegele?"

Ni kweli. Kimya cha mwari ni ridhaa, na mimi niliolewa kwa kunyamaza. Niliona ni haki na yeye tumpime kwa kipimo kilekile.

Shangazi alipoondoka nikaungoja wakati mzuri. Siku moja asubuhi alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anakunywa chai kabla ya zamu. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo, kwenye jiko la mkaa, mkono umeshika birika. Uso kwa uso sikuuweza. Nilisema bila kukaripia, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba watoto, Kilambo una mke?"

Aliipuliza chai. Akanywa funda, akakitazama kikombe, akanywa la pili. Kuku walipita kati yetu. Nilisubiri mpaka birika likaanza kumwaga maji motoni. Kisha akasimama, akakung'uta suruali, akaaga kama kawaida na kwenda bandarini kwake.

Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Niliumia. Sijui niseme vipi vingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na uongo ningeupokea, kwa sababu mtu anayekudanganya bado anakuogopa kidogo. Huyu alinijibu kwa chai.

Siku ya Ijumaa, alipokwenda msikitini, nilifunga nguo zangu kwenye kanga. Niliamua kurudi Nanyamba, lakini si mikono mitupu. Valvu zake zote nitazivunja kwanza, moja baada ya nyingine, na vipande nimwachie juu ya sinia. Umeme ulikuwepo. Nikawaza, kabla sijavunja, ngoja nisikie anachokisikia huyu bwana. Pengine kwenye kaseti kuna sauti ya huyo mwanamke. Nikawasha, nikangoja valvu ziwe nyekundu, nikavaa hedifoni, kikombe chenye rangi ya kucha kikiwa kushoto kama alivyonifundisha.

Nilizivua kama nimeumwa na nyigu. Sauti ilikuwa kubwa ajabu. Nilipunguza, nikavaa tena. Ilikuwa ni taarabu tu, kaseti yetu ya siku zote. Lakini ilisikika pande zote mbili sawasawa. Upande wa kushoto ulikuwa mzima! Fidla upande huu, fidla upande ule, hakuna kinachozorota, hakuna kinachokoroma. Nikahamisha valvu kwa kanuni yake mwenyewe, nikiunguza vidole. Pande zote nzima. Nikachomeka zile kuukuu alizosema zimechoka. Nazo nzima.

Hapo ndipo damu ilinipanda. Kumbe hakuna ugonjwa wowote! Amplifaya nzima, valvu nzima, tena tangu mwanzo. Basi Kilambo alikuwa anafuata nini? Nilikuwa nimemkamata mwizi, na mwizi alikuwa msikitini anatoa salamu.

Sikuvunja kitu. Nilimngoja. Aliporudi na kanzu yake nilimshika mkono, nikamkalisha kitini mbele ya sinia. Nilitaka aniongopee hapohapo, nikiwa naijua kweli, halafu ndipo nichukue kanga yangu niende. Nikamvika hedifoni mwenyewe, kwa nguvu, nikaongeza sauti. Nikanyoosha kidole huku na huku mbele ya uso wake: upande gani mbovu?

Alisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza siku zote, macho kayafumba. Kisha akainua mkono akagusa sikio la kushoto.

"Bado ni huu huu," akasema. "Hizi valvu nazo ni takataka."

Nilifungua kinywa nimwite mwongo. Ndipo nikaliona tone la rangi ya kucha. Lilikuwa kulia. Kwa hasira zangu nilikuwa nimemvika hedifoni kinyume. Kikombe alichokuwa akikilaumu miezi yote hiyo kilikuwa sasa kwenye sikio lake la kulia, nalo lilikuwa linasikia vizuri kabisa.

Alikuwa amehamisha kila kitu. Valvu, soketi, waya, mpaka na safari ya kwenda mpakani mwa nchi. Hedifoni peke yake hakuwahi kuzigeuza.

Alifumbua macho akaona ninakotazama. Alipapasa kwenye sikio la kulia, akazivua taratibu, akaligeuzageuza lile tone jekundu kwenye mwanga. Alizima swichi, na tulikaa tukizitazama valvu zikipoa mpaka zikawa vioo vitupu.

"Kwa nini hukuzigeuza?" nikasema. Nilisema nikiwa mbele yake, akanitazama midomo.

"Ningezigeuza ningejua," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu iwe valvu."

Kisha akayamwaga mengine. Kilambo kulikuwa na mzee wa kutoka ng'ambo, mtaalamu wa masikio, aliyekuwa akimtia mafuta ya karafuu na kumfunga kile kitambaa. Akikaribia mjini alikuwa anakifungua na kukifungia valvu, nisije nikaona. Bandarini alikuwa hajamwambia mtu. Anayeendesha winchi lazima aisikie filimbi ya mtu aliye chini, asiyeisikia hapewi winchi, na injini ya winchi ilikuwa ikinguruma kushoto kwake miaka yote hiyo.

"Na viatu vya Idi?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Kwa mtaalamu utakwenda na kandambili?"

Jibu lilinitosha nusu. Kanga yangu yenye nguo ilikuwa bado iko mlangoni, imefungwa, naye alikuwa ameiona tangu alipoingia, maana macho yake hayakuwa na kasoro. Nilikuwa na swali moja lililobaki, na niliona nisipoliuliza sasa litanikaa kooni mpaka uzeeni. Nikazunguka kiti. Nikachuchumaa kuliani kwake, nikalisema kwa sauti ileile ya siku ile, si juu si chini.

"Kilambo una mke?"

Aligeuka kwa haraka, akashika mkono wa kiti.

"Mke? Mimi? Nani kakwambia?"

"Wewe. Nilikuuliza uani, unakunywa chai, ukanyamaza."

Alikunja uso. Nilimwona akiitafuta siku hiyo, akiitafuta kweli, uani, kikombe, kuku, mimi kwenye jiko nyuma ya bega lake la kushoto. Akaitazama kanga pale mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Sikusikia," akasema.

Neno hilo alikuwa hajawahi kulitamka, si kwangu, wala kwa mtu yeyote bandarini.