RAM iliyokaribia kutupotezea sauti ya marehemu

Wakuu, salamu kutoka Arua. Haya yalitokea sebuleni kwangu Onduparaka, na sijatia chumvi.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi.

Computer ya zamani ilikuwa inanichelewesha, basi nikaamua kujenga nyingine. Hamza, rafiki yangu anayeuza spea za computer Koboko, alinitafutia processor inayokubali overclock, yaani kupandishwa speed kupita ile ya kiwandani. Kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya computer, tukabishana.

Yeye alitaka nichukue mbili zilizouzwa pamoja, za speed ya kawaida. Mimi nikachukua za speed kubwa, moja moja, kampuni tofauti. Si zote ni RAM?

Nikaingia BIOS, kule kwenye mipangilio ya ndani ya computer, nikapandisha speed ya processor, nikapandisha na ya RAM. Ikawaka. Game zikaenda kama maji. Nikajiona fundi.

Halafu akaja Mama Zainabu kutoka Koboko na flash yake. Ndani kuna harusi ya binti yake, na humo mumewe anamwombea binti dua. Mzee alifariki baada ya harusi hiyo.

Nikacopy video, nikahariri, nikamwita aje kuangalia.

Picha safi. Ilipofika dua, sauti ya mzee ikakwaruza, ikakatika, ikarudi kwenye "amin".

 Mama akashika ncha ya mtandio wake.

Wakuu, nilitoka jasho. Flash nilikuwa nimeshaichomeka niifute, maana aliomba nimwekee video mpya humo humo. Nikaichomoa haraka.

Nikampigia Hamza.

"Umepima RAM?" akauliza.

"Game zinacheza vizuri."

"Game haiko shahidi. Computer yako iko haraka, lakini iko nadanganya. Pima."

Nikapima. Error zikajaa screen nyekundu tupu. Kumbe RAM ilikuwa inaharibu file wakati wa kucopy, kimya kimya, bila computer hata kuzimika.

Nikatoa RAM moja, nikarudisha kila kitu kwenye speed ya kiwandani, nikacopy upya kutoka kwenye flash. Nikamwambia, "Mama, sasa itachukua muda mrefu. Nenda upumzike, nitakupigia."

"Mimi iko hapa tu," akasema.

Mchana wote tulikaa. Mke wangu akaleta chai. Mama akatusimulia mzee alivyokuwa mkali kwa posho, ugali wetu wa huku, ikiungua.

Dua ikatoka nzima, neno kwa neno. Mama akaomba niirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena.

"Iko yeye," akasema. "Wacha iende pole pole."

Nilichojifunza: nunua RAM zilizopimwa pamoja, na hakikisha motherboard inazikubali. Processor ipandishe kidogo kidogo, ukipima kila hatua; huku joto ni kali na umeme hautabiriki. Na usifute file ya mtu mpaka nakala umeisikiliza mwanzo hadi mwisho.

Siku hizi overclock ninayo kwenye processor tu, tena kidogo. RAM nimeiacha ipumue.

Ninyi mnaofanyia computer kazi za watu, speed mnaiachia wapi? Mwenye maoni tofauti aje tubishane, nasoma zote.