Kubinua Mdomo

Nilitaka uzuri. Nimelikana jambo hili mbele ya daktari, mbele ya shangazi yangu, na mbele ya wanafunzi wenzangu wa chuo kikuu, ambao niliwaandikia makala nzima kwenye gazeti la ukutani kueleza kwamba poda na wanja ni kasumba ya kikoloni. Makala ilisifiwa sana. Mwandishi wake alikuwa na uso ambao nusu yake ilifanya kazi na nusu nyingine imelala.

Utotoni niliugua sikio, na ugonjwa ule ukala mshipa unaoendesha uso. Upande wa kushoto ukapooza. Jicho halikufumba hata usingizini. Pembe ya mdomo ilining'inia, na nilipocheka, au niliposema tu, mdomo wote ulikimbilia kulia. Kwingine huenda ungekuwa ulemavu. Kariakoo ulikuwa tusi. Mwanamke wa kwetu hahitaji kufungua kinywa ili akutukane: anabinua mdomo upande mmoja, ujumbe unafika. Mimi niliubinulia mji mzima, kuanzia asubuhi.

Siku moja ilisikika kwamba sukari imefika duka la ushirika. Tukapanga foleni, mimi na shangazi niliyekuwa nikiishi kwake wakati wa likizo. Zamu yetu ilipofika nikamwamkia muuzaji.

Akaacha kupima. "Unambinulia nani mdomo, wewe binti?"

"Hakubinulii," shangazi akasema. "Ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo tangu lini?"

"Tangu mdogo. Ni maradhi."

"Basi hayo maradhi ya dharau, mama. Mpeleke hospitali."

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, kwa aibu, nikaharibu kila kitu, maana mdomo ulikwenda kulia kabisa, mpaka karibu na sikio. Tuliondoka bila sukari. Shangazi, ambaye chai isiyo na sukari aliiita maji ya kuoshea vyombo, alitangulia kwa hatua ndefu mpaka tulipokaribia Msimbazi, akageuka.

"Yule mwanamke hana adabu," akasema. "Lakini la hospitali kasema kweli."

Katika hospitali kuu alikuwapo daktari mgeni wa upasuaji, aliyekuja kwa muda mfupi na sifa ya kuamsha nyuso zilizopooza. Hapa nchini hakukuwa na mwingine wa kazi hiyo. Sista aliyemfasiria alinieleza: wangechukua kipande cha msuli wa kutafunia, huu wa kwenye panja, wakakivuta chini ya ngozi mpaka pembe ya mdomo.

"Kwa hiyo ukitaka kutabasamu, unang'ata meno," akasema.

"Kila mara?"

"Kila mara, mpaka uzoee. Usipong'ata, hutabasamu."

Kisha daktari akauliza ninasumbuliwa na nini. Nikaeleza jicho: linakauka, vumbi linaingia, linachuruzika machozi nikiwa sina huzuni yoyote. Yote kweli.

"Na mdomo?" sista akauliza.

Nje ya mlango, kwenye benchi, nilikuwa nimekaa na mpishi aliyeungua mpaka kidevu kikashikana na kifua, na mama aliyepakata mtoto mwenye mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, asiyeweza kunyonya. Mimi nilikuwa na elimu ya taifa kichwani na makala yangu ukutani. Ningesema nini? Kwamba nataka kucheka vizuri kwenye foleni?

"Mdomo haunisumbui," nikasema.

Sista alinitazama kidogo, akafasiri. Kiingereza nilikuwa nacho, tena cha kujivunia, na ningeweza kumsahihisha papo hapo. Nilinyamaza katika lugha zote mbili.

Nyumbani nilijifungia chooni na kioo cha shangazi, nikang'ata meno. Hakuna kilichosogea, bila shaka, ila panja ilituna kidogo chini ya ngozi. Nikaendelea kung'ata kila siku mpaka taya zikauma. Shangazi akadhani nina minyoo. Wiki zikapita. Habari zikaja kwamba daktari anajiandaa kuondoka, na mimi sikuwa nimeitwa hata kwa ajili ya hilo jicho.

Simu ya karibu ilikuwa kwenye duka chini ya nyumba yetu, la mzee mmoja wa Kilimanjaro. Aliita kwa sauti kutoka mlangoni, nikateremka. Duka lilikuwa limejaa watu waliosikia sabuni imekuja, na shangazi alikuwa mmoja wao. Wote walikaa kimya kwa heshima, ili wasikie vizuri.

Alikuwa yule sista. "Kuna mgonjwa ana homa, haingii chumba cha upasuaji. Nafasi yake ni yako. Sasa sikiliza. Kufumbisha jicho, hata madaktari wetu wataweza baadaye. Mdomo anauweza huyu tu, na muda unatosha kimoja. Lakini kwenye jalada lako imeandikwa mdomo haukusumbui. Hawezi kukukata usoni kwa kitu usichokitaka. Unautaka?"

Nikawapa wateja mgongo, nikageukia ukuta. Sauti ya m inahitaji midomo miwili, na mimi nilikuwa na mmoja na nusu. Nikaushika ule upande mzembe kwa kidole.

"Nautaka mdomo."

"Sisikii, dada. Unataka nini?"

"Mdomo."

"Jicho?"

"Mdomo," nikasema, kwa nguvu sasa, mpaka mzee wa duka akaacha kukata mche wa sabuni. "Nataka mdomo, sista. Nataka kucheka."

Nyuma yangu mtu akaguna. Shangazi akamwambia afunge wake.

"Haya," sista akasema. "Uje kesho asubuhi. Usile kitu, wala maji usinywe. Na uje na shuka, huku hakuna."