Damu ya Kapita

Mama Ngalula huuza samaki wakavu katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na kwa miaka minane amekuwa na paka ambaye hajawahi kugusa hata ndakala mmoja, dagaa wa huku, bila kupewa. Watu wa mtaa husimulia jambo hilo kwa sauti ya chini, kama wanavyosimulia uponyaji uliotokea kanisani. Kila asubuhi mama humwaga ndakala juu ya meza, marundo ya fedha kavu yanayonuka hadi barabara ya pili, na paka huyo mweusi mwenye kifua cheupe alikuwa akikaa katikati yake, amekunja miguu ya mbele, akiwatazama wanunuzi kama msimamizi anayewahesabu wafanyakazi langoni. Ndiyo maana aliitwa Kapita, jina ambalo wazee wa mji huu waliwapa wanyapara wao. Wateja walimsalimia kwanza yeye, halafu mwenye meza.

Ngalula alimpata Sakania, enzi alizokuwa akifuata mzigo mwenyewe kwa treni. Kitoto cha paka kiliingia ndani ya gunia tupu na hakikujulikana mpaka gunia lilipofunguliwa Lubumbashi. Wakati huo mumewe, Gérard, alikuwa ameshafariki, na watoto wake wawili walikuwa wameenda kutafuta maisha Kolwezi. Ngalula, ambaye baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, alizaliwa hapa, akasoma hapa, akafundisha darasa la tatu miaka kumi na saba, kisha akaacha chaki akashika samaki. Nyumba yake ina vyumba viwili. Kwa miaka minane vyumba hivyo vimekuwa na sauti mbili tu, ya kwake na ya paka.

Mwezi wa sita mwaka huu, siku za ile baridi inayofanya hata vumbi lionekane limejikunyata, Kapita alipiga mwayo mbele ya Mukuka, jirani anayekaanga mikate kando ya meza ya samaki.

"Mama Ngalula! Angaria kinywa ya huyu. Ndani iko mweupe sawa pemba, ule udongo bamama banakula wakiwa na mimba."

Ngalula akamfunua mdomo. Ufizi ambao zamani ulikuwa mwekundu ulikuwa umepauka kama udongo mkavu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kwa siku nne Kapita alikuwa hapandi mezani, alikuwa akingoja kubebwa.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Dorcelle, msichana aliyesomea udaktari wa wanyama kule chuoni Kasapa, anayetibu mbuzi, nguruwe na mbwa wa nyumba kubwa. Alikuja na pikipiki, sanduku la baridi begani. Akatoa tone la damu, akaliweka juu ya kipimo kidogo kinachofanana na kile cha malaria. Wote watatu wakainama kukitazama. Mstari wa kwanza ukatokea, kisha wa pili.

"Mama, iko na leucose," alisema Dorcelle. "Ni virusi ya mapaka. Banapana kwa mate, kwa kupigana, kwa kula sahani moja. Inaingia mu mifupa, pale damu inatengenezwa, inaharibu. Njo maana amekosa damu."

"Ni SIDA, ile ukimwi?" aliuliza Mukuka, akisogeza kiti chake nyuma.

"Haishike muntu. Hata weye unaweza kumubusu."

"Mi nimubusu paka? Bwana yangu mwenyewe simubusu!"

Ngalula hakucheka. "Itapona?"

"Leucose yenyewe haina dawa ya kuifukuza. Lakini damu inaweza kurudi. Kuko benye banaishi mwaka, miaka mbili, hata tatu, kama banachungwa. Muweke mu nyumba, asikutane na paka ingine. Vidonge asubuhi na jioni. Na nyama, Mama. Maini sana-sana." Akafunga sanduku. "Kama anashuka tena, sindano ya kumulalisha kabisa iko. Haiumi."

"Iyo sindano ibakie mu sanduku yako," alisema Ngalula.

Mtaani kwetu mtoto akikosa damu, hakuna jirani anayengoja kuombwa. Basi wakaja. Walikuja nusu kwa mzaha na nusu kwa moyo, maana hakuna aliyejua mahali ambapo mzaha ulikuwa unaishia. Mmoja alileta matembele yaliyotwangwa na kukamuliwa mpaka maji yakawa meusi. Mwingine alileta nyanya ya kopo iliyokorogwa na maziwa. Mukuka alileta sirapu nyekundu ya grenadini, kwa kuwa, alisema, rangi ni ileile. Wakaketi sebuleni kama wanavyoketi kwa mgonjwa, wakauliza alilala vipi. Kapita aligeuza uso kwa kila kikombe, na walipoondoka kidevu chake kilikuwa chekundu kama cha mtoto aliyekamatwa jikoni.

Kilichomfanya ale kilikuwa mkono wa Ngalula. Na Ngalula haamini chakula kisicho na kitunguu. Kwake ni jambo la heshima: kumwekea mgeni nyama ya kuchemsha kwa maji matupu ni kumwambia asirudi. Kwa hiyo alikaanga vitunguu viwili juu ya mbabula, jiko lake la makaa, mpaka vikawa na rangi ya asali, akatia maini, akayatwanga laini kabisa, akamlisha Kapita kwa ncha ya kidole. Kapita akala. Ngalula akaimba wimbo wa kanisani jikoni, na kesho yake akaongeza kitunguu cha tatu.

Siku ya tatu Kapita hakuweza kutembea hadi kwenye boksi lake la mchanga. Siku ya tano mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai kali, na mbavu zake zilipanda na kushuka haraka kama za mtu aliyetoka kukimbia. Ngalula akampigia Dorcelle simu.

Dorcelle aliingia, akasimama katikati ya chumba, akanusa.

"Mama, mu sufuria kuko nini?"

"Chakula yake. Maini. Sawa vile ulisema."

"Na kitunguu?"

"Tatu," alisema Ngalula kwa fahari. "Na mafuta kidogo."

Dorcelle akakaa chini. Akaeleza polepole kwamba kitunguu, ambacho kwa binadamu ni baraka, kinapasua chembe za damu ya paka, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayepasua mapovu ya sabuni. "Kosa ni yangu," alisema. "Siku ya kwanza sikukuambia. Ni vile sikujua kama kuko muntu anapikia paka sauce."

Ngalula alishika kichwa kwa mikono miwili. Kidole alichomlishia kilikuwa bado kinanukia. Aliyefundisha watoto mia kadhaa kusoma maandishi ya makopo kabla ya kuyafungua alikuwa amemtilia rafiki yake sumu kwa kijiko cha upendo, siku tano mfululizo, akiimba.

"Mi njo nilimuua," alisema.

"Hajakufa," alisema Dorcelle. "Na sikiliza, kuko habari muzuri ndani. Kama ni leucose peke ilimushusha vile, ningekuambia tumuache. Lakini ni kitunguu. Kitunguu tunaiacha leo. Ile anahitaji ni damu ya kumufikisha ng'ambo, masaa haya haya. Tafuta donneur."

Neno hilo, mtoa damu, kila jamaa ya Lubumbashi inalijua. Daktari akilitamka, wajomba hukunja mikono ya mashati na kupanga mstari. Lakini Kapita hakuwa na wajomba. Alihitajika paka mkubwa, kijana, mzima, anayefungiwa ndani, mwenye zaidi ya kilo tano. Mukuka akataja paka wote wa barabara, akiwakunjia vidole: huyu ni mifupa, huyu mzee, huyu analala nje na wahuni wenzake. Kikabaki kidole kimoja, na wote walijua ni cha nani.

Ghala la Papa Kasereka, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Kivu ya Kaskazini, limegusana ukuta na nyumba ya Ngalula. Ndani yake, juu ya magunia, hukaa paka wa kijivu aliyenenepa hadi watu wakamwita Bourgmestre, yaani mkuu wa komini. Tangu Pasaka Kasereka na Ngalula walikuwa wamenuniana. Kasereka alidai harufu ya samaki imepita ukutani ikaingia ndani ya maharagwe yake. Ngalula alijibu kwamba wadudu wa maharagwe yake ndio waliopita ukutani wakaingia ndani ya samaki. Tangu hapo walisalimiana kwa kukohoa.

Ngalula akavaa kikwembe chake, kitenge cha kanisani, akaenda.

"Jambo, Papa Kasereka."

"Jambo, Mama ya samaki." Kasereka hakuinua macho kutoka kwenye gunia alilokuwa anashona. "Pua ilishaniambia kama unakuya."

Siku nyingine angemjibu. "Ninakuya kukuomba paka yako."

"Ya kufanya nini? Ya kupika?"

"Nataka damu yake."

Wapagazi waliokuwa wakipanga magunia wakasimama. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kasereka akaweka sindano ya gunia chini kwa uangalifu mkubwa.

"Mama Ngalula," alisema, "ni kanisa gani unasalia siku hizi?"

Ikabidi aeleze yote, leucose, maini, vitunguu vitatu, na alipofika kwenye kidole chake akakificha ndani ya kikwembe. Kasereka alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mkubwa, mwenye shingo kama gogo, na alipofikiri paji lake lote lilijikunja.

"Mama ya batoto yangu," alisema mwishowe, "siku ya kuzaa wa kwanza, kule Butembo, damu ilitoka mingi. Muntu wa barabara, siku ile sikumujua bado, alimujua Mungu, akatoa ya kwake. Mpaka leo, kila mwaka mupya, namutumia mbuzi. Kwetu muntu akikupa damu ni ndugu yako. Na bandugu habanuniane." Akamtazama. "Kama Bourgmestre anatoa, basi mi na weye tunakuwa bandugu. Umeelewa? Ndugu, hata akinuka, ni ndugu."

"Na ndugu wa maharagi yenye bidudu," alisema Ngalula, "naye ni ndugu."

Wapagazi wakaangua kicheko. Bourgmestre akawekwa juu ya mizani ya magunia.

"Kilo sita na gramu mia mbili!" alitangaza Kasereka. "Na bila gunia!"

Dorcelle akampima kwa kile kipimo, ukatokea mstari mmoja tu. Akachanganya tone la huyu na tone la yule juu ya kioo, akangoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa kuwa paka hao hawakupaswa kukutana, Bourgmestre alilazwa kwa dawa mlemle ghalani, juu ya meza ya kuchambulia maharagwe, na Kasereka akapewa kazi ya kushika kichwa. Damu ilipoanza kupanda ndani ya bomba la sindano, ikasikika sauti ya kitu kizito kikianguka juu ya magunia. Haikuwa ya paka. Mukuka alishika kichwa cha Bourgmestre, na mpagazi mmoja akampepea bosi wake kwa kifuniko cha boksi.

"Sikuanguka," alisema Kasereka alipofungua macho. "Nilikaa."

Dorcelle alifunika bomba kwa kitambaa akatoka nalo, na watu wakampisha kutoka lango hadi lango kama wanavyopisha harusi. Kisha, kwa saa tatu za mchana, damu ya Bourgmestre iliingia ndani ya Kapita, tone kwa tone. Ngalula alikaa na kiganja juu ya mbavu zake. Nje malori yalipita kuelekea mgodi wa Kinsevere, yakitikisa vikombe kabatini. Ni ajabu jinsi maisha yanavyoweza kupita mahali pembamba vile, uzi mwekundu usiozidi unene wa njiti. Kabla hazijatimia saa mbili, mbavu zilipunguza mbio. Ilipokaribia ya tatu, Ngalula alifunua mdomo wa paka kwa kidole. Ufizi ulikuwa na rangi ya pera lililokatwa sasa hivi.

"Dokta," alinong'ona. "Kuja uone."

Jumapili Ngalula alipeleka upande wa pili wa ukuta kuku mmoja kwa ajili ya mwenye paka, na sahani ya ndakala walioondolewa chumvi kwa ajili ya mtoa damu. Akabakizwa kula bukari, ndiyo ugali wetu.

Sasa Kapita haendi mezani. Ngalula ameisogeza meza mpaka chini ya dirisha, akaweka wavu dirishani, na Kapita anasimamia biashara kutoka ndani, pua yake ikigusa wavu. Maini yake huchemshwa kwa maji matupu. Kila mara Ngalula humwomba radhi kwa aibu hiyo anayomfanyia. Vidonge anaviponda ndani ya samaki. Anajua kwamba ugonjwa bado umo, umelala ndani ya mifupa. Hazungumzi juu yake, lakini amezoea kufunua mdomo wa paka kila asubuhi kabla ya kuosha uso.

Juma lililopita Dorcelle alikuja kuchukua damu ya kupima tena. Mwezi wa sita Kapita alikuwa amelala mikononi mwake kama kitambaa kilicholowa. Safari hii alipoona sindano alipanda pazia, akashuka nalo, akapita juu ya kabati, akawapa kazi Dorcelle, Mukuka na Kasereka, aliyekuwa amekuja kusalimia ndugu yake. Walipomkamata hatimaye aliwaponyoka tena, na mkono wa Dorcelle ulikuwa na mikwaruzo mitatu mirefu inayotoa damu.

"Pardon, Dokta! Pardon sana!" alisema Ngalula, huku akicheka mpaka machozi, akishindwa kupata kitambaa cha kumfutia. "Umeona vile anakwaruza? Umeona ile nguvu?"

"Naiona, Mama," alisema Dorcelle, akilamba mkono wake. "Muniletee maji. Na mumushike tena, sijapata hata tone."