Betri za Dagaa Zilizoimba Harusini

Tk-tk-tk-tk. Nikifumba macho bado naisikia ile sauti, kavu na ya haraka, kama kuku anadonoa debe tupu. Ni sauti ya stata ya boti ya mjomba wangu siku betri ilipoisha. Tulikuwa tumezima injini nje ya kisiwa kimoja, tunasubiri mitumbwi midogo ishushe abiria. Mjomba ndiye nahodha, na rumba kwake ni ugonjwa. Akaongeza sauti, akaongeza tena, akacheza mpaka kofia ikaanguka majini. Alipogeuza ufunguo tuondoke, ikawa tk-tk-tk, redio nayo ikakata pumzi, boti nzima ikanyamaza. Tulivutwa hadi mwalo wa Kirumba, Mwanza, na boti iliyobeba mkaa. Abiria wetu wakawa wanaiimba rumba ileile kwa midomo yao, kumkomoa tu.

Jioni hiyo mjomba aling'oa nyaya za redio kwa mkono wake. Alisema muziki ni wa nchi kavu, na kwamba betri ya boti ina kazi moja, kuwasha injini, basi.

Ningemwelewa kama isingekuwa harusi ya dada. Dada alikuwa anaolewa mjini Mwanza, na boti ya mjomba ndiyo ingemtoa kisiwani kwetu kumpeleka kanisani. Bibi aliyetulea sisi wawili asingeweza kwenda. Nyonga yake imekataa, kupanda boti ni mateso, na wimbi dogo tu linamlaza siku mbili. Nilipomtembelea nilimkuta ameketi juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, linalotazama maji, anachambua dagaa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanivuta nikae.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "mimi kanisani sifiki. Lakini huyo bibi harusi nataka nimsindikize kwa masikio. Wekeni muziki. Nikiusikia mpaka kule unakoishia, nitajua nimemfikisha."

Nikamwambia muziki utakuwepo. Nilisema tu, sikujua utatoka wapi.

Wakati huo nilikuwa nasaidia kwenye kibanda cha kutengeneza redio na kuchaji simu, pale Kirumba. Shule niliishia kidato cha pili. Ila umeme ulinishangaza tangu utotoni na bado unanishangaza: kitu hakionekani, hakina harufu, ukikishika kwa nyaya mbili kinaimba. Kwa hiyo nilijua shida ya mjomba iko wapi. Boti ikiwa inatembea, injini inairudishia betri nguvu yake. Boti ikisimama, redio inakula tu na hakuna anayerudisha. Na harusi zetu zinajulikana. Mnaambiwa saa mbili, bibi harusi anatoka ndani saa sita, na muda wote huo boti imesimama na watu wanataka kucheza. Dawa yake ni betri ya pili, ya muziki peke yake, isiyogusana na ile ya injini hata kwa uzi. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama hiyo betri ya pili inaota kwenye mwamba.

Harusi ilikuwa imepangwa siku za mbalamwezi. Kwetu harusi nyingi huwekwa hapo, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani. Dagaa hufuata taa gizani. Kukiwa na mwanga kila mahali, taa yako ni nani? Basi wanaume wanakuwa nyumbani, nyavu zimeanikwa, kila mtu ana nafasi ya kula pilau. Hilo nimelijua maisha yangu yote. Lakini sikuwahi kulihusisha na betri, mpaka nilipopita nyumbani kwa mama mmoja jirani ya bibi, mwenye mitumbwi ya dagaa, kuomba sufuria kubwa za harusi. Aliponifungulia stoo, nikasahau sufuria.

Betri zilikuwa zimepangwa ukutani, moja kwa kila taa, zimefutwa vizuri, zimejaa chaji ya sola. Kwenye usiku wa giza ndizo zinazowasha ule mji wa taa juu ya maji, mji ambao asubuhi huuoni. Sasa mwezi umewapa likizo wavuvi, na zenyewe zimelala pale kama watoto wa shule. Nilisimama mlangoni nywele zikanisisimka. Kinachowaita dagaa kutoka kilindini, nikawaza, kitashindwa kumfikia bibi yangu juu ya jiwe?

Yule mama alicheka nilipomwambia. Akasema betri zake hazijawahi kualikwa harusini. Alikubali kwa sharti moja, zirudi zimejaa kabla mwezi haujapungua, kwani giza likirudi, hizo ndizo chakula cha nyumba yake.

Nikachagua nne zinazolingana. Nikaziunga ubavu kwa ubavu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ili nguvu ibaki ileile ila idumu zaidi. Ukikosea ukaziunga kwa kufuatana, nguvu inajikusanya na kuunguza redio mara moja. Paneli ya sola nikaifunga juu ya paa la boti iwe inarudisha kidogo kinacholiwa. Zile spika mbili kubwa za besi za mjomba nikaziacha nchi kavu, maana besi ndiyo inayokula betri kuliko kitu chochote. Badala yake niliazima kanisani spika moja yenye mdomo wa tarumbeta, ile ambayo kwa chakula kidogo inapiga kelele za mtaa mzima.

Siku moja kabla ya harusi mjomba alitaka jaribio. Injini imezimwa, muziki ukapigwa mchana kutwa. Watoto walicheza pembeni ya maji wakachoka, wakaja wakubwa, mjomba mwenyewe nikamwona bega linamchezacheza akijifanya anakagua kamba. Jua liliposhuka akaja kwenye usukani, akaushika ufunguo, kisha akauachia.

"Geuza wewe, mama. Mimi mkono umekataa."

Nikageuza. Injini ikanguruma palepale, hata haikujiuliza, na muziki haukutikisika. Mjomba akavua kofia yake mpya, akaitazama, akaivaa tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama mle ndani nimeweka na rumba.

Asubuhi ya harusi ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Dada alitoka ndani saa sita na nusu, kama ilivyotarajiwa. Akapiga magoti mbele ya jiwe, bibi akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, wakanong'onezana mambo yao. Nilitazama pembeni, kwa sababu ningelia na nilikuwa nimepakwa wanja. Kisha tukapanda.

Sijui niseme nini kuhusu kuondoka kule. Muziki ulitoka botini, ukagonga miamba ya kisiwa, ukarudi kwetu umekuwa mwingi, kana kwamba mawe nayo yana kwaya. Wageni walijazana mbele wakicheza, boti ikawa inayumba kwa raha. Dada alikaa chini ya mwavuli, uso wote kisiwani. Nyumba ikawa ndogo, jiwe likawa dogo, na juu yake alama ya kitenge cha njano ambayo ndiyo bibi.

Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa shangazi, aliyebaki kumtunza.

"Bibi yenu anauliza mbona mmezima."

Nikashtuka, nikazikimbilia betri. Zilikuwa nzima, na nguvu bado tele. Muziki ulikuwa unapigwa vilevile, watu wanatoka jasho. Nikaanza kunyoosha mkono niongeze sauti, nikasita. Nikainua macho kuifuata spika. Ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye chuma cha paa, mdomo wake umeelekezwa mbele, kwa wachezaji na kwa Mwanza. Kila tulivyosogea, tulikuwa tunampa bibi kisogo.

Sikumwambia mtu. Mjomba alikuwa anatazama maji, wageni hawana habari, dada hakupaswa kujua kwamba kuna kilichokatika. Nikapita katikati ya magoti na viatu, nikapanda juu ya kreti ya soda, nikaifungua ile waya. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Nikaugeuza mdomo wa tarumbeta taratibu, mpaka ukatazama nyuma, kwenye ile nukta ya njano. Waya haikutosha kuufunga upande huo, nikaongezea mtandio wangu. Bado ulikuwa unacheza kidogo kwa mtikisiko wa injini, basi nikabaki juu ya kreti, nimeushikilia kwa mikono miwili, usigeuke.