Waya Uliopita kwa Jirani

Watu wakianza kunisimulia jinsi soko huria lilivyotufungua macho, huwa nainuka kwenda kuangalia sufuria jikoni hata kama sijapika. Mimi nilikuwepo. Lilituletea mitumba na viwanda vya minofu ya sangara, hilo sikatai, na kimojawapo ndicho kilichonipa mshahara. Lakini lilimfundisha pia jirani yangu kusema "kila mtu na lwake" bila kuona haya, na hilo sijalisamehe.

Nilikuwa naishi Mabatini, juu mlimani, nyumba ya mwisho kabla mawe hayajawa makubwa mno kwa mtu kujenga. Niliishi na mama yangu. Nilimtoa Misungwi baada ya kiharusi kumpoozesha upande wa kushoto, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine, kila asubuhi nilimwacha peke yake nikaenda kusimama kutwa ndani ya mabuti ya mpira nikikata samaki.

Kilichonipa moyo wa kuondoka ni waya. Kiwanda kimoja cha pamba kilipofungwa, simu zake za ndani zilipigwa mnada pamoja na viti na makabati. Fundi wake wa simu, aliyekuwa amepunguzwa kazi na aliyekuwa amepanga chini ya mlima wetu, alizinunua kwa bei ya vyuma chakavu. Akatukusanya watu wa nyumba kumi na mbili akatueleza: kila nyumba simu moja na betri zake, ukibonyeza kitufe, kengele inalia kote, na yeyote anayesikia anainua. Tukakubali. Tangu hapo maji yakitoka bombani chini, sisi wa juu tulijua mapema. Mtoto akipandisha homa, mwenye dawa alipatikana. Mama, ambaye mwanzoni aliiita ile simu "hilo dude," baada ya mwezi mmoja alikuwa anaamkiwa shikamoo kutoka nyumba kumi na moja, na alijua nani ana mafua kuliko nilivyojua mimi niliyekuwa natembea.

Fundi alitaka kila nyumba iunganishwe na majirani wawili au watatu. "Waya mmoja ni kamba," alisema. "Ikikatika imekatika. Mimi nataka tufume wavu. Wavu hata ukitoboka unavua."

Tukamcheka. Waya ulikuwa ghali, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, nani hapa atakata waya wa mwenzake? Kwetu yowe likipigwa, anayelisikia analipokea na kulipeleka mbele, hata kama ana ugomvi na aliyelipiga. Asiyetoka anatengwa, hapewi hata moto. Nilidhani mjini ni vilevile. Basi tukavuta waya mmoja tu, unaingia nyumba kwa dirisha hili unatokea dirisha lile, kutoka bombani mpaka kwetu.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya mfanyabiashara wa mitumba. Nimtendee haki: alikuwa mtu wa salamu. Mkewe aliposhikwa na uchungu mchana akiwa peke yake, kengele yetu ndiyo iliyowaleta wanawake wakamshusha mlimani kwenye kiti, na mama yangu ndiye aliyeinua simu kwanza na kuwahimiza wengine. Halafu biashara ikamkubali. Akanunua televisheni, na baadaye akavutiwa simu halisi, yenye namba, ya kwanza mlimani. Tulikwenda kumpongeza.

Siku ninayoisema, nilirudi saa kumi jioni nikamkuta mama sakafuni. Alikuwa ameteleza akifuata chupa ya uji, muda mfupi baada ya mimi kuondoka, na akaivuta simu kwa uzi wake mpaka ikamfuata chini. Alikuwa amelowa. Kidole gumba kilikuwa bado juu ya kitufe, na nilipokiondoa, alama ya kitufe ilibaki kwenye nyama. Betri zilikuwa zimekwisha.

"Nimeita," aliniambia. "Hawasikii."

Nilimsafisha, nikamlaza, kisha nikaufuata waya kwa mkono, nyumba hadi nyumba. Wenye nyumba mbili zilizo chini yetu walikuwa kazini kutwa. Kwa mfanyabiashara, waya uliishia nje ya dirisha. Haukuwa umekatika. Ulikuwa umechomolewa, ukaviringishwa vizuri, ukatundikwa kwenye msumari.

Mwenyewe alikuwa ndani anatazama mpira.

"Pole sana, dada," alisema nilipomweleza. "Nilichomoa tangu juzi. Kengele zinasumbua, na mimi siku hizi nina simu yangu."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani tena? Nyumba si yangu?"

"Na mama yangu?"

"Angenipigia kwenye namba yangu."

Mama yangu, aliyekuwa na kitufe kimoja duniani, ampigie kwenye namba. Nikamwuliza, kwao yowe likipigwa wanafanyaje? Akasema hapa ni mjini, dada, hayo tuyaache kijijini. Kila mtu na lwake.

Nilimtukana. Sitayaandika niliyosema, lakini siyajutii. Angetoa neno moja tu hiyo juzi, tungepitisha waya juu ya bati la jirani mwingine, na mama asingeshinda kwenye saruji akimwita mtu aliyekaa hatua themanini chini yake. Nilijikasirikia pia mimi na kiherehere changu cha kumcheka fundi.

Jumapili baada ya kanisa tulichanga, tukafuma. Kila nyumba ikapata nyaya mbili, yetu ikapata tatu, na nyumba ya tisa tukaizunguka. Fundi alikata waya mmoja mbele yetu makusudi, kisha akabonyeza, na sauti ikafika kwa mama kupitia njia nyingine. Watu wakapiga makofi.

Mama aliendelea kupokea. Kengele ikilia aliinua, akaitikia marahaba zake, akaulizia wagonjwa. Sikuona tofauti yoyote, mpaka siku moja karibu na Krismasi nilipomkuta tena sakafuni, baridi imeshamwingia. Safari hii simu ilikuwa pembeni yake, karibu kabisa na mkono wake mzima. Nikabonyeza mimi, na fundi cherehani wa nyumba ya pili akaitika hapo hapo akisema anapanda.

"Mama, inafanya kazi," nikamwambia. "Mbona hukuita?"

"Nilishaita siku ile," akasema.