Weupe Kwenye Jicho la Baba

Juzi, nikikwangua ukoko mweupe ndani ya birika, nilimkumbuka baba, fundi cherehani, na utepe mweupe uliokatiza jicho moja alilobaki nalo.

Nilipokuwa mdogo, nyuma ya soko la Kibuye, kwenye harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kulikuwa na mama mmoja aliyewatoa watu vumbi machoni kwa ulimi. Alimlamba baba jicho, akatema, akalamba tena. Nilichutama nikiutafuta ule weupe kwenye mate yake.

“Haitoki, fundi. Hii si vumbi.”

“Lamba tu, Mama. Nitashonaje?”

Sasa najua ilikuwa chokaa iliyoganda kwenye konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, na daktari angeweza kuikwangua.

Tulirudi nyumbani Migosi tumeshikana mikono. Nilidhani yeye ndiye ananiongoza.