Diski ya Tatu

Ukitaka cheka, lakini haya yamenipata mimi, mchana kweupe, hapa hapa Xiaobei, mtaa wetu huku Uchina. Kuongea mbele ya watu siwezi, ndiyo maana naandika.

Baba hupiga video za harusi na maziko ya Watanzania wa Guangzhou. Zote zimehifadhiwa kwenye kasha moja la kompyuta lenye diski tano. Ikifa moja, kasha linavumilia. Ukikosea ukachomoa nzima badala ya ile iliyokufa, basi, zote zimepotea. Humo imo harusi ya jirani yetu Mama Nasra. Mumewe tumemzika juzi juzi, na mahali pengine pa kumwona akicheka hana.

Ijumaa ile Baba alikwenda kuswali, nikapiga komeo. Kasha likaanza kulia. Kompyuta ikaandika: diski namba tatu imekufa. Kubadilisha najua, Baba kanifundisha, lakini nilitaka nimsubiri. Mara nikasikia mlango, Baba akaingia. Kanzu yake, kikohozi chake. Akasimama nyuma yangu.

“Chomoa ya tatu, mwanangu.”

Nikahesabu kutoka kushoto, nikaishika. Mimi na kumbishia Baba wapi na wapi? Ila yeye mwenyewe ndiye kanizoesha: kabla hujavuta, iambie kompyuta iwashe taa ya diski mbovu.

“Ngoja niwashe taa kwanza, Baba.”

“Huniamini?”

Nikabonyeza. Ikaanza kuwaka na kuzima taa ya nne! Nikakumbuka, kasha letu huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo namba tatu yake ndiyo ya nne kutoka kushoto. Nikageuka nimwoneshe. Hapana mtu. Komeo liko vile vile nilivyolipiga.

Hapo simu ikalia. Baba, bado yuko msikitini, mvua imemzuia.

Niliivuta ya nne kidogo, nikasubiri iache kuzunguka, nikaitoa, nikasukuma mpya mpaka ikakaa. Kasha likawa linairudishia diski mpya yaliyokuwemo kwenye ile mbovu, hadi jioni. Baba aliporudi nikamweleza yote. Hakucheka. Aliuliza tu kama huyo mtu alitoa salamu. Hakutoa. Baba akakaa chini.

Jumapili Mama Nasra aliitazama harusi yake. Mumewe anacheka, keki imemwangukia kanzuni. “Mwone mzembe huyu,” akasema Mama Nasra, akacheka naye. Moyo wangu ukatua.

Siku hizi Baba akinisemesha kwa nyuma, kwanza namtazama usoni. Wala hakasiriki. Nawe mwenye kasha kama letu, nisikilize: akuamrishe mzazi, akuamrishe bosi, hata sauti uwe unaijua tangu utotoni, diski ambayo hujaiona taa yake ikiwaka na kuzima, usiivute.